Nyuso za Nyuma

Wajukuu zetu wamezawadiwa mchezo wa kuunganisha vipande vya picha. Vikikamilika, hudhihiri mchoro wa kale: Stanley na Livingstone wakivua kofia kusalimiana mjini Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871. Watoto huzitafuta kwanza nyuso za Wazungu wawili. Waliosimama nyuma, wenye vilemba na mizigo, hupangwa mwisho, kuziba mapengo tu.

Michezo ya namna hii ilivuma London katika miaka ya 1760, John Spilsbury alipokata ramani vipandevipande ili watoto wajifunze jiografia. Basi mchezo huu ni mwalimu, na mwalimu hufunza hata kwa anayoyanyamazia.

Na majina yapo. Sidi Mubarak Bombay, aliyetiwa utumwani angali mtoto, alikuwa mkuu wa walinzi katika msafara wa Stanley. Kabla ya hapo alisafiri na Burton na Speke. Abdullah Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki mgeni Ujiji. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma waliwaongoza wenzao kuuchukua mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo.

Wazazi wenzetu, hatusemi mchezo utupwe. Twasema mama akae mkekani na wanawe, na wafikapo kwenye nyuso za nyuma, awatajie majina haya. Mtoto asiyeambiwa atakua akidhani kuwa njia za bara hili zilijulikana na wageni, na wenyeji walibeba mizigo tu.