Shangazi, Usitume Pesa

Ijumaa usiku nyumbani ni Ijumaa mchana huku Minnesota, na Wakenya wa Brooklyn Park wanaijua vizuri simu ya saa hizo. Kijana ameshikwa. Yuko seli. Afisa fulani amesema akipata elfu kumi kabla ya zamu kubadilika atamwachilia, la sivyo atalala ndani hadi Jumatatu. Mwezi jana nilipoona jina la mke wa kaka yangu kwenye simu saa hizo, nilianza kuwaza nitatoa wapi pesa hata kabla sijaipokea. Alikuwa analia. Mwanawe alikuwa anafunga kibanda chake cha kutengeneza simu msako ukampitia, akatupwa kwenye lori pamoja na walevi, ilhali hajaonja pombe tangu azaliwe. Kisha simu ikachukuliwa na kijana mwingine, rafiki yake, sauti tulivu kabisa: “Shangazi, amesema usitume pesa. Tuko hapa kituoni. Tunangoja nambari ya OB.”

Sijawahi kuambiwa hivyo. Tangu nije huku, kila aliyenipigia kuhusu mtu aliyeshikwa alitaka niharakishe.

Walivyofanya vijana hawa nimesimuliwa na kila mmoja wao, maana niliwapigia wote. Walijipanga kwenye kaunta. Mmoja akafungua Katiba kwenye simu, akasoma kifungu cha 49 kwa sauti, bila matusi na bila kupiga kelele. Wakaomba jina la mwenzao liandikwe kwenye kitabu cha matukio, yaani OB, na wapewe nambari. Wakamuuliza afisa nambari yake ya kazi. Aliwafokea, akawaita Gen Z wasumbufu, akawaambia watoke. Wakatoka, wakakaa nje ya lango usiku kucha na blanketi za kuazima. Asubuhi ya Jumamosi akaja wakili, mama kijana anayejitolea kwa kesi za namna hiyo, na kabla ya saa sita mtoto wa kaka yangu alikuwa nyumbani kwa bondi aliyoitia sahihi mama yake. Haikutoka hata shilingi moja.

Msomaji wa nyumbani anajua kwa nini msako huja Ijumaa. Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haifanyi kazi, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Kipengele hicho kiliwekwa kwa sababu hakimu naye hupumzika. Mikononi mwa kituo kibaya kimegeuka kuwa duka: mkamate mtu Ijumaa jioni, umwonyeshe Jumamosi na Jumapili zilizo mbele yake, kisha umtajie bei. Kinachofichwa ni kwamba kifungu hichohicho cha 49 kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana akisubiri kushtakiwa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Kinasema pia kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Wazururaji, walevi, wapiga kelele, karibu umati wote wa lori la Ijumaa, wanaangukia hapo. Imeandikwa hivyo tangu 2010. Imechukua vijana waliokuwa shule ya msingi wakati huo kuisoma kwenye kaunta ya polisi kwa sauti.

Nikizungumza habari hizi kanisani kwetu huku, baada ya ibada tunapokunywa chai, kuna ndugu zangu wanaotikisa kichwa. Kenya haitabadilika, wananiambia. Polisi wa kwetu ni wanyama, huku angalau kuna sheria. Maneno hayo yananiudhi kuliko ninavyoweza kuyavumilia nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Huku wapi? Brooklyn Center, mji unaopakana na wetu, ndiko Daunte Wright, kijana wa miaka 20, alikopigwa risasi Aprili 2021 aliposimamishwa barabarani. Falcon Heights, ng'ambo ya mto, ndiko Philando Castile alikouawa Julai 2016 ndani ya gari, mchumba wake kando yake na mtoto mdogo kiti cha nyuma, baada ya kumwambia afisa kwa adabu kwamba ana bunduki anayoimiliki kihalali. Afisa huyo aliachiliwa na mahakama. Na George Floyd alipofia chini ya goti Minneapolis, Mei 2020, taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki kufuatia tatizo la kiafya. Binti wa miaka 17 aliyekuwa amerekodi kwa simu ndiye aliyewaumbua. Huku hawaniombi chai, ni kweli. Wanakuja dirishani mkono ukiwa kwenye bastola, nami naweka viganja vyote juu ya usukani. Hayo yatosha kuhusu huku.

Nyumbani ndiko kunakonikosesha usingizi, kwa sababu nakupenda na kwa sababu nakujua.

Desemba, nikiwa nyumbani, nilipanda matatu kutoka sokoni. Tukasimamishwa kwenye kizuizi kabla ya kuingia mjini. Dereva alikuwa na kila kitu: leseni, bima, stika ya ukaguzi, abiria kumi na wanne bila ziada, kila mmoja na mkanda. Afisa akazunguka gari, akapiga teke gurudumu la nyuma, akasema limekwisha. Halikuwa limekwisha, nililiona mwenyewe tulipokuwa tunapanda, meno yote yapo. Dereva akakataa kutoa. Akazima injini, akakunja mikono. Dakika chache za kwanza gari lilikuwa kimya. Kisha hasira ikaanza kupanda, na ikamwelekea dereva. Mama aliyekaa mbele yangu na kikapu cha vifaranga akasema, “Kwani ni pesa ngapi? Si umpe hiyo mia twende!” Mzee mmoja alikuwa na miadi hospitalini. Mwanafunzi alikuwa na mtihani. Kondakta akakunja noti ikawa ndogo kama kidonge, akashuka, akamsalimia afisa kwa mkono kama rafiki wa zamani, na injini ikawaka. Abiria wakashusha pumzi. Dereva hakusema neno mpaka stendi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia pole.

Nimemfikiria dereva yule mara nyingi. Peke yake ndani ya gari lile alikuwa anatetea sheria, na watu waliomwangusha walikuwa watu wema. Naijua aina ya yule mama. Angenigawia uji wake. Lakini miaka na miaka tumefunzwa kumchukulia askari kama mvua, hushindani nayo, unangoja ipite ushike njia. Na askari mwenyewe ametoka wapi? Ametoka kwa wazazi haohao. Wapo waliouza ng'ombe, na wengine kipande cha shamba, ili kijana wao aingie chuo cha Kiganjo, kisha kijana akaanza kazi akiwa na deni la ukoo mzima mabegani. Wapo askari walioishi na wake na watoto katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka, familia ya mwenzao upande wa pili. Jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley lilikwisha kueleza hali hiyo mwaka 2009 na kutoa mapendekezo zaidi ya 200. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likarudia kazi hiyo, likakabidhi ripoti yake mwaka 2023. Namhurumia askari wa chini. Huruma hiyo haimpi ruhusa ya kumuuza mtoto wa kaka yangu kwa elfu kumi.

Na hapa nina neno na sisi wa ughaibuni. Elfu kumi zile hutoka wapi? Kaka yangu halipwi mshahara, anauza mahindi. Zinatoka Minnesota, Texas, London, Doha. Afisa akimkamata kijana siku hizi, swali la pili baada ya jina ni kama ana mtu majuu. Bei inapanda hapohapo. Mimi nimezituma pesa hizo, na sitaomba radhi kwa mtu yeyote kwa hilo. Mama akilia simuni saa nne za usiku huwezi kumsomea vifungu vya Katiba. Lakini lazima tuone tunachokilisha. Tunajinadi kwamba fedha zetu zinajenga nchi, na Benki Kuu hutusifu kila mwezi kwa mamilioni ya dola. Sehemu yake, hata kama hakuna anayeihesabu, inaingia kwenye mifuko ya sare ya buluu na kumfundisha afisa kwamba Ijumaa ina faida.

Hilo nalo si baya kuliko yote. Baya zaidi ni jinsi tulivyokuwa tunapiga makofi. Mwaka 2017 video kutoka Eastleigh ilionyesha mtu mwenye bastola, ambaye wengi walimtambua kuwa afisa wa polisi, akimpiga risasi kijana aliyekuwa amelala chini, mchana, mbele ya umati. Nakumbuka kikundi chetu cha WhatsApp siku ile, watu wazima, wazee wa kanisa, wenye watoto vyuoni: afadhali, wezi wamezidi. Kijana wa Mathare alikuwa mwizi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na maiti haithibitishi kitu. Machi 2020 polisi wakitekeleza kafyu, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, akapigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Hapo tukashtuka kidogo, kisha tukaendelea. Tulishtuka kweli Juni 2024, vijana wenye digrii na simu nzuri walipouawa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha, kwa sababu sasa walikuwa wanafanana na watoto wetu. Mama wa Mathare ana haki ya kutuuliza tulikuwa wapi.

Na waliothubutu kulalamika mapema walilipa. Josephat Mwendwa alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa, akapeleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011 hasa kwa ajili ya watu kama yeye. Juni 2016 alikwenda mahakama ya Mavoko na wakili wake, Willie Kimani. Hawakurudi. Maiti zao, pamoja na ya dereva wa teksi Joseph Muiruri aliyewabeba, zilitolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Hukumu ilikuja Februari 2023: afisa mmoja kunyongwa, maafisa wenzake wawili na mtoa habari wao vifungo virefu. Mawakili wa Nairobi waliandamana kwa ajili ya Kimani, na walifanya vyema. Natamani jina la Mwendwa nalo litajwe kwanza siku moja, maana ni yeye aliyejaza ile fomu ya malalamiko.

Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu naibu inspekta jenerali, akasafirishwa hadi Nairobi, na kufikia asubuhi alikuwa amekufa. Polisi walisema amejigonga ukutani. Wataalamu waliochunguza mwili wakasema majeraha yale hakujiumiza mwenyewe, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti kuomba radhi kwa taarifa ile. Zamani uongo wa ukutani ungeishi miaka. Huu uliishi siku chache, kwa kuwa watu walikuwa nje na hawakukubali kwenda nyumbani. Ninaposema nyumbani kunabadilika, nazungumzia jambo hili, na ndugu zangu wa chai ya kanisani waliangalie kwa makini kabla ya kutikisa kichwa.

Jumamosi iliyofuata baada ya mtoto wa kaka yangu kuachiliwa, niliwasilisha hoja kwenye chama chetu cha Wakenya huku. Tuna mfuko wa dharura, na kwa muda mrefu umekuwa ukitumika kwa matanga, hospitali na kumtoa mtu ndani. Nilipendekeza pesa za kumtoa mtu zisitoke tena bila risiti. Dhamana ya mahakama tutalipa, kwa kuwa inarudi. Wakili tutamlipa. Afisa hatumlipi. Kina mama waliunga mkono haraka kuliko nilivyotarajia.

Mzee mmoja, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu Nyamira na ambaye sote tunamheshimu, alipinga. Aliuliza, na hakuuliza kwa ubishi: Ojwang alikaa ndani usiku mmoja tu. Ninyi mkikataa elfu kumi kwa ajili ya kanuni, na kijana akapigwa kati ya saa sita na alfajiri, nani atampelekea mamake ujumbe?

Tulikaa na swali hilo hadi jioni. Hatimaye tukaandika hivi kwenye daftari la chama: kila familia itutumie majina ya watu watatu wanaoishi karibu na kituo chao cha polisi. Simu ikija, wa kwanza kupigiwa ni hao, na nauli yao inalipwa na mfuko usiku huohuo. Waende kaunta, waombe kumwona aliyeshikwa kwa macho yao, waandike saa na jina la aliye zamuni, na wasiondoke wote kwa pamoja. Mzee aliomba neno “wasiondoke” lipigiwe mstari, kisha akawa wa kwanza kutaja majina yake matatu.