Sauti ya Kero: Kufyonya, "Uff" na "Waryaa" Mjini Masalani

Wahenga walinena kuwa ulimi hauna mfupa. Hata hivyo, zipo kero ambazo binadamu huzieleza bila kutamka neno lolote. Mtu huvuta hewa kati ya meno na midomo, sauti fupi ikasikika, na aliyekusudiwa akafahamu kuwa ameudhi. Waswahili hukiita kitendo hicho kufyonya au kusonya. Wala si chao peke yao. Mwaka 1976, John Rickford na Angela Rickford walieleza kuwa watu wenye asili ya Afrika katika visiwa vya Karibi na Marekani waliirithi sauti hiyo kutoka Afrika. Nchini Ufaransa huitwa "tchip", na mwaka 2015 baadhi ya shule huko ziliipiga marufuku.

Mjini Masalani, katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, suala hili lina uzito wa pekee. Wakaazi wengi ni Wasomali na Waislamu. Katika dugsi, yaani chuo cha Kurani, mtoto hufunzwa kuwa Aya ya 23 ya Sura ya Al-Israa inamkataza kuwaambia wazazi wake hata "uff". Katazo hilo halikusubiri tusi. Limeanzia kwenye pumzi. Kwa aliyelelewa hivyo, kufyonywa si jambo dogo.

Kwa upande mwingine, neno la Kisomali "waryaa" humwita tu mwanamume asikilize. Rafiki humwambia rafiki bila kinyongo. Lakini baadhi ya Wakenya wamelichukua wakalifanya jina la kumbeza Msomali yeyote, na hapo anayeitwa hukereka kwa haki. Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni nia ya mwenye kulitamka.

Vijana nao wana msamiati wao. Katika Sheng, aliyekasirika "amejam", kana kwamba hasira ni msongamano wa magari. Vijana wa Ufaransa hugeuza silabi: "lourd", yaani zito, huwa "relou", msumbufu; na "énervé", aliyeudhika, huwa "vénère". Sheng pia hugeuza, "stori" ikawa "risto".

Je, mwanafunzi wa Masalani, ambaye Kiswahili si lugha yake ya mama, hufunzwa wapi kukereka kwa adabu? Darasani hufunzwa maamkizi na shukrani. Ni nadra afunzwe kuwa "ebo!" hubeba mshangao wenye hasira, au kuwa "hilo limeniudhi" hutosha bila tusi. Akiudhiwa, hubakiwa na kimya au Sheng aliyoiokota mtaani. Akinyamaza huitwa mwenye kiburi. Akisema huitwa mtovu wa adabu. Ilhali alichokosa ni msamiati.

Basi wapenzi wa Kiswahili na waifunze lugha ya kero kama wanavyoifunza ya heshima. Asiyejua kulalamika hujifunza kununa, na aliyenuna hafundishiki.