Safari ya Muhimbili kwa Ajili ya Koo la Mpwa Wangu

Dada alinikabidhi mwanawe pamoja na barua ya rufaa: "Kaka, nenda wewe, utaelewana na madaktari." Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka kwa miezi, na usiku akivuta pumzi koo linalia. Dawa za pumu hazikumsaidia. Alfajiri tukapanda basi hapo Kwedizinga. Mimi Dar es Salaam nilikuwa sijawahi kufika.

Mkata, Chalinze, Kibaha. Njia nzima sikio langu lilikuwa kwenye pumzi zake. Tukashukia stendi ya Magufuli, Mbezi, tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukawa Muhimbili, kwa madaktari wa masikio, pua na koo.

Daktari alituonyesha picha ya koo. Juu ya nyuzi za sauti vilijazana vinyama vya rangi ya waridi, vimesongamana mithili ya koliflawa, vikaacha upenyo mdogo tu wa hewa.

"Hii si pumu," alisema. "Ni kirusi cha HPV, kwa kawaida aina ya 6 au 11. Mara nyingi mtoto hukipata kwa mama anapozaliwa. Msimlaumu mama, wengi wanacho bila kujua."

Nikauliza kama vinaweza kuondolewa vyote kwa leza. Akanieleza kwa utulivu kwamba leza ya kaboni dioksidi ilianza kutumika kooni huko Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanga wake hauonekani, na maji huunyonya upesi. Kwa kuwa seli zimejaa maji, maji hayo huchemka papo hapo, seli zikapasuka na kuwa mvuke. Joto nalo huziba vishipa vidogo, damu isitoke nyingi. Lakini kando ya jeraha hubaki ukanda mwembamba wa nyama iliyoungua. Mwanga ukikawia mahali pamoja, ukanda hupanuka, na ukipona huacha kovu. Pa kuchunga zaidi ni mbele, nyuzi mbili zinapokutana: zikichubuka zote kwa pamoja, zinaweza kushikana. Tena mpira wa kupumulia unaweza kuwaka kwa sababu ya oksijeni, ndiyo maana huzungushiwa pamba iliyoloweshwa maji.

"Iwe leza, iwe koleo," alisema, "tunaondoa vinyama, kirusi kinabaki, hata kwenye utando unaoonekana mzima. Nikibakiza kidogo ili kuokoa sauti, usinione mvivu."

Nilitoka nyumbani nikitaka ving'olewe vyote. Nilipotia saini fomu ya nusukaputi, nilikuwa nimeshakubali vibaki vichache. Walitumia koleo, na usiku ule mtoto alilala bila koo kulia. Tumeambiwa vinaweza kuota tena; vikiota, tutarudi.

Kijijini sasa nawasihi wazazi: mtoto akikauka sauti kwa wiki kadhaa, koo lake litazamwe. Na mabinti wapate chanjo ya HPV, inayotolewa nchini kote tangu 2018. Australia ilianza chanjo inayokinga dhidi ya aina ya 6 na 11 mwaka 2007, na ugonjwa huu wa watoto umepungua sana huko. Binti aliyechanjwa akija kuwa mama, kinga hiyo humfikia mtoto kabla koo lake halijahitaji koleo wala leza.