Viti na Vitanda vya Kale vya Mji Mkongwe

Iwapo utajaliwa likizo fupi ukavuka bahari kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, usiishie Forodhani kula mishikaki. Ukitoka bandarini Malindi, ifuate barabara ya Mizingani mpaka Kasri ya zamani ya Masultani, iliyofanywa jumba la makumbusho mwaka 1994. Ukiikuta wazi, ingia. Humo mna samani za mpingo zilizonakshiwa kwa ustadi na, pasipo kutarajia, makabati ya fomaika. Kumbe hata wafalme walichoshwa na vya kale! Liache jicho lako lijifunze hapo kabla hujaingia vichochoro vya Gizenga na Hurumzi, ambako vitu vya namna hiyo huuzwa.

Elewa kwanza sababu ya maumbo yake. Dari za nyumba za mawe hushikiliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ndio uliopima upana wa chumba: mita 3 hivi, au pungufu. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Hapakuwa na nafasi ya makochi mapana, bali kitanda kiliegeshwa ubavuni mwa ukuta. Mchana kikawa pa kujinyoosha na kuzungumza, usiku pa kulala. Wewe unayeishi katika vyumba viwili vya kupanga Magomeni au Temeke bila shaka unaijua taabu hiyo, na huenda kitanda cha namna hiyo kikakufaa kuliko seti ya makochi inayoziba mlango.

Kitanda cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili, kisha huwambwa. Aina moja iliitwa teremka tukaze, na jina hilo linatosha kueleza kasoro yake. Usihofu kamba iliyolegea, kwani hiyo hubadilishwa. Kagua mahali mfumbati unapoingia katika tendegu. Hapo ndipo kitanda huishi au hufa. Kitikise. Ukiona unga mpya mwepesi unadondoka katika vitundu vya mbao, wadudu wangali kazini, nawe usiwapeleke nyumbani kwako.

Kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mgongo wa nyuzi zilizofumwa na pahali pa kuwekea miguu, kilitengenezwa Lamu, Siyu na kwingineko pwani, nacho kilikuwa cha kumkalisha mgeni wa heshima. Ni kizuri mno kukitazama. Lakini mgongo wake umesimama wima, na mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwandani hatapata usingizi juu yake. Tena, vingi vimetiwa njumu ya mifupa au pembe za ndovu. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo, kwa hiyo anayekuambia utakivusha mpaka bila swali anakutafutia balaa.

Anayetaka kupumzika hasa na atafute kile kiti kirefu cha barazani, chenye mikono mirefu ya kulaza miguu na kikalio cha henzirani. Maofisa wa kikoloni walikipenda sana, wakakieneza kila walikokwenda. Kabla ya kupatana bei, kilalie dakika kumi. Usione haya, muuzaji amezoea. Pima pia mlango wa nyumba yako.

Jihadhari na uzee wa kupakwa. Kiti kilichokaliwa miaka mingi huwa laini pale mikono inapogusa, nacho huchakaa chini ya miguu yake. Kilichochakaa sawasawa kila upande kimechakazwa na fundi mwezi uliopita. Mpingo ni mzito hata ukazama majini, na chini ya mkwaruzo hauonyeshi mti mweupe.

Pengine, badala ya dukani, utaelekezwa kwenye nyumba ya watu wanaotaka kuuza kitanda cha marehemu bibi yao. Bei itakuwa nafuu, na mara nyingi fedha zinatakiwa haraka kwa ada au matibabu. Uliza warithi ni wangapi, na kama wote wameridhia. Ukiambiwa yupo dada aliye Pemba ambaye hajaulizwa, ngoja aulizwe, hata kama meli yako inaondoka jioni ile.