Ngoma za Wigston

Mapema miaka ya 1980, nikisoma Leicester, nilipanga chumba kwa mzee wa Kigujarati aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya jiji ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba Waasia waliofukuzwa wasije, nafasi zimejaa. Walikuja hivyo hivyo. Yeye akapata kazi Wigston, kusini mwa jiji, kwenye kiwanda cha drams cha Premier. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kwa sauti iliyomleta mke wake kutoka jikoni.

Premier ilianzishwa London mwaka 1922 na Albert Della Porta na mwenzake George Smith. Vita vya Pili vya Dunia vilipoharibu kiwanda, ikahamia Leicester. Mzee alijivunia jambo moja kuliko yote: walijitengenezea kila kitu, mizinga, ringi, skrubu, hata ngozi za plastiki. Jioni moja alifungua ngoma kuukuu sebuleni, akanishika kidole na kukipitisha ndani, kwenye tabaka za mbao nyembamba zilizogundishwa, mpaka kwenye pete nene inayoimarisha ukingo. Sikuona kiungo. Kromu ya ringi, pamoja na uzee wake, ilikuwa bado inaonyesha sura.

Kiwanda kilikuwa kimeona siku zake nzuri. Ringo Starr wa The Beatles alipiga Premier hadi 1963, alipohamia Ludwig ya Chicago, lakini Keith Moon wa The Who alibaki nazo miaka mingi, akizivunja jukwaani. Mzee hakumsamehe Moon hata kidogo!

Kisha zikaja Pearl, Tama na Yamaha kutoka Japani, seti imara kwa bei ambayo Wigston haikuiweza. Naamini fahari ile ile ya kujifanyia kila kitu ndiyo iliyowalemea: idara nyingi, mashine nyingi, mishahara mingi, na mauzo yanashuka. Familia ya mwasisi ikapoteza usukani. Mezani kwetu mazungumzo yakawa nani amebaki idara gani.

Mwaka 1987 Yamaha yenyewe ikawa mmiliki. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani, na mzee aliniandikia kwa Kiswahili chake cha Kampala. Wajapani hakuwalaumu, wanajua kazi, alisema. Aliuliza tu nani atawafundisha vijana wa Wigston kukunja mzinga. Alikuwa na sababu ya kuuliza, kwani baadaye seti zenye jina la Premier zilianza kutengenezwa Asia.