Tabibu wa Moyo Mwulize Ijaza Yake

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na ametwambia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa yake. Sote twaifuata amri hii linapouma jino au unapovunjika mguu. Lakini ukiuma moyo, twamwambia mwenzetu, "Subiri tu, soma Qur'ani, yatapita." Qur'ani ni shifaa, wala hapana Muislamu wa kulikana hilo. Ila aliyevunjika mguu haambiwi kuwa imani yake ni dhaifu akipelekwa kwa daktari. Mbona aliyevunjika moyo aambiwe?

Huzuni si aibu. Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni mfano wa wenye kusubiri. Mtume wetu alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim. Wala elimu ya kutibu nafsi haikuanzia kwa Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na afya ya nafsi, akaeleza ndani yake hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, na namna ya kuvitibu. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyofunguliwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wenye maradhi ya akili.

Hayo niliyajua vitabuni, kisha yakanifika mwenyewe. Mwaka 2019 nilifiwa na mwanangu, kijana wa miaka 28. Nikawa nasalisha na kudarsisha kama kawaida, lakini usiku silali, chakula hakipiti, na likitajwa jina lake sauti hunipotea. Mke wangu akaniambia: "Mwalimu, wewe kila siku wawapeleka watu kwa daktari. Wewe nani atakupeleka?"

Nikaenda kwa mtu mmoja aliyesifiwa kwa ushauri. Sijamaliza maneno yangu alikwisha nipa mawaidha matatu. Kisha akanipigia mfano wa mgonjwa mwengine. Jina hakulitaja, lakini nilimjua, ni wa mtaani kwetu. Nikafahamu kwamba yangu nayo kesho yatasimuliwa. Nikamlipa haki yake, nikamshukuru, nisirudi tena.

Daktari mmoja akanielekeza kwa mwengine. Huyu, kabla sijamweleza neno, nilimwuliza lile ninalomwuliza kila atakaye kufundisha chuoni kwetu: umesoma kwa nani, na nani aliyekupa ruhusa? Maana kwetu sisi mtu hasomeshi kitabu ila awe na ijaza, na sanadi ya mwalimu kwa mwalimu. Hakukasirika. Alinionyesha shahada yake na cheti cha kusajiliwa, kwani hapa Kenya iko sheria ya mwaka 2014 iliyoweka bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Akanieleza malipo yake, na kwamba siri yangu ataihifadhi, ila akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Kisha akanyamaza, nikasema mimi.

Siku ya nne nilimwambia neno ambalo sijamwambia mtu: kwamba nikimtazama kijana yeyote wa umri ule, moyo huniuliza kwa nini yeye yu hai. Hakushtuka wala hakunihubiria. Aliniacha nikalia. Baada ya miezi michache usingizi ulirudi, na leo namtaja mwanangu kwa dua na sauti haikatiki.

Mtu huyu si Muislamu, na wako walionung'unika. Niliwajibu: katika Hijra, Mtume (S.A.W.) alionyeshwa njia na Abdullah bin Urayqit, naye hakuwa Muislamu. Alichaguliwa kwa kuijua njia na kwa uaminifu wake. Na tabibu wangu, kabla ya kupanga saa ya kuonana, huniuliza saa ya sala.

Basi, ndugu msomaji, mtafute tabibu wa moyo kama umtafutiavyo mwanao mwalimu. Tazama elimu yake, kwani Mtume amefundisha kwamba atibuye watu hali hajulikani kwa utabibu, akidhuru ni dhamana juu yake. Tazama ulimi wake: akikusimulia ya wenzako, ondoka. Tazama masikio yake, na heshima yake kwa dini yako. Mwanamke amtafute mwanamke mwenziwe. Asipompata, maharimu wake awe karibu. Atakayekwambia kila huzuni ni jini, akataka fedha nyingi au akashika fimbo, mkimbie. Na ukikutana na tabibu mara kadhaa moyo usitulie, hama. Mwanafunzi huhama darsa na hapana lawama.

Alama kubwa ni hii: mwalimu mwema hufundisha hata mwanafunzi akajisomea peke yake. Tabibu mwema naye hukufunza kuijua nafsi yako, hata siku moja usimhitaji.

Ama mwenye kusema kwamba ataka kujiua, huyo hangojewi kutafutiwa tabibu wa kumfaa. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali saa ile ile.

Mwenyezi Mungu awaponye wenye nyoyo zilizovunjika, na atujaalie tusiwe wa kuwacheka. Amin.