Tulipohama Kampuni ya Intaneti



Wapendwa waamini, mapema mwaka 2024 nyumba yetu ya mapadre ilisitisha mkataba wa intaneti na kampuni moja, ikahamia nyingine. Sababu zilikuwa za haki. Huduma ilikatika mara kwa mara, kazi za ofisi ya parokia zilichelewa, nasi tulilipa kila mwezi kwa fedha itokanayo na sadaka zenu. Tuliandika barua ya kusitisha, tukamaliza deni, tukaomba stakabadhi. Hadi hapo hatukukosea.

Tulikosea kwa ulimi. Fundi aliyetumwa kuchukua kifaa chao alikuwa kijana wa parokia yetu. Badala ya kumkaribisha, tulimmwagia hasira ya miezi mitatu mbele ya makatekista na wanakwaya waliokuwapo barazani. Tulisema kwamba yeye na wenzake wanakula fedha ya Kanisa. Hakujibu neno. Alikunja waya wake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Huduma mpya ilikuwa nzuri, nasi tukajisifu. Ikafika Dominika ya tarehe 12 Mei 2024, Kanisa lilipoadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Siku hiyo mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya bahari ilikatika, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Sisi tuliohama tulikwama, na majirani waliobaki na kampuni ya zamani walikwama vilevile. Ndipo tulipotambua ni mengi kiasi gani yaliyo nje ya uwezo wa fundi anayebisha hodi mlangoni.

Tulimtafuta kijana yule, tukamwomba radhi. Alitujibu, "Baba, nilikwisha kusamehe." Kisha akatuambia kwamba tangu siku ile husali katika parokia jirani. Kumbe naye alikuwa amehama.

Wapendwa, mteja ana haki ya kuhama. Kumdhalilisha mtumishi mbele za watu si haki ya mtu yeyote. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Bwana anatufundisha kwamba ndugu akitukosea, tumwendee kwanza faraghani. Sisi tulianzia barazani, tena kwa mtu ambaye hakutukosea lolote. Ni wangapi wameacha jumuiya, kwaya, hata Sakramenti, kwa sababu ya neno moja la namna hiyo? Kampuni tuliyoiacha itapata mteja mwingine. Parokia iliyompoteza kijana huyu haiwezi kumpata mwingine badala yake.

Hadi leo hajarudi, nasi hatumlazimishi. Tunamwombea, na mlango u wazi.

Juma hili kila mmoja wetu ajiulize: ni nani amehama kwa sababu ya ulimi wangu? Tukimkumbuka, tumwendee kabla ya Dominika ijayo.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote.